Idzerda: Baba wa redio Uholanzi aliyeponzwa na udadisi

KWA Wakenya wengi, The Hague ni jina linaloleta fikira za kesi na majaji wa mahakama ya kimataifa. Hata hivyo, ni katika jiji hilo hilo la Uholanzi ambako mhandisi mmoja aliwapa raia wa kawaida jambo ambalo leo halimshangazi yeyote: kuketi nyumbani na kusikiliza muziki unaopigwa mbali.

Mhandisi huyo ni Hanso Schotanus à Steringa Idzerda, aliyezaliwa Septemba 26, 1885 katika kijiji cha Weidum, mkoa wa Friesland, kaskazini mwa nchi hiyo. Baada ya kusomea uhandisi Ujerumani, alihamia The Hague na kufungua biashara ya vifaa vya redio.

Enzi hizo redio ilikuwa chombo cha manahodha na wanajeshi, na kila ujumbe ulikuwa na mtumaji na mpokeaji wake. Idzerda aliwaza vinginevyo. Mnamo 1918 alishirikiana na kampuni ya Philips kutengeneza taa maalumu ya redio, na mwaka uliofuata akapata leseni ya kituo kilichoitwa PCGG.

Novemba 5, 1919 alichapisha tangazo katika gazeti la Nieuwe Rotterdamsche Courant, akimwalika kila mwenye chombo cha kunasa mawimbi kumsikiliza kesho yake. Novemba 6, kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, alirusha muziki kutoka barabara ya Beukstraat kwa mawimbi ya urefu wa mita 670.

Wapo waliokwisha kurusha sauti hewani kabla yake, na hadi leo wajuzi hubishana kuhusu nani wa kwanza duniani. Lakini mwaliko ule wa gazetini uliufanya usiku huo kuwa matangazo kwa umma, takriban mwaka mmoja kabla ya kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kuanza kazi Novemba 1920.

Sifa zilienea hadi Uingereza, ambako wasikilizaji walizinasa tamasha zake. Mwaka 1922 gazeti la Daily Mail la London lilitoa fedha ili muziki huo uendelee.

Hata hivyo, sifa hazilipi madeni. Mawimbi hayana mlango wa kukatia tiketi. Aliyetaka alisikiliza bure, na michango ya hiari haikutosha. Mwaka 1924 Idzerda alifilisika, na kituo chake kikanyamaza.

Wakati huo mji wa Hilversum ulikuwa tayari na mtambo wake, na huko ndiko matangazo ya Uholanzi yalikotia mizizi. Waprotestanti waliunda shirika la NCRV mwaka 1924, Wakatoliki KRO na wasoshalisti VARA mwaka 1925, kila kundi likitegemea wanachama wake. Walipata kile ambacho Idzerda alikikosa: umma uliojiandikisha na kulipa.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta angali The Hague. Kuanzia Septemba 1944, Wajerumani waliokuwa wameiteka Uholanzi walirusha makombora ya V2 kutoka eneo hilo kuelekea London. Mapema Novemba, moja lilianguka karibu na jiji hilo, naye akaenda kuokota vipande vyake avichunguze. Askari walimkamata, wakamwachilia. Sikio la kufa halisikii dawa; alirudi tena, na safari hii hakusamehewa. Alipigwa risasi Novemba 3, 1944, akiwa na umri wa miaka 59.

Udadisi uliomfanya aifungulie dunia masikio ndio uliomwingiza kaburini. Aliondoka bila kituo, ilhali kila anayefungua redio usiku kusikiliza muziki anaendeleza desturi aliyoialika Idzerda kwa tangazo moja dogo la gazeti.