Claude-Étienne Minié, Mfaransa aliyebadili kalibu ya risasi

Mnamo Februari 13, 1804, alizaliwa jijini Paris Claude-Étienne Minié, afisa ambaye jina lake lilipewa risasi iliyobadili vita. Alijiunga na jeshi la Ufaransa na kupigana Afrika ya Kaskazini.

Wakati huo, madini ya risasi yaliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mviringo, yakatoka kama gololi. Gololi ndogo iliingia upesi katika mtutu, lakini haikulenga mbali. Ile iliyobana mifereji ya ndani ya mtutu ililenga vizuri, ila askari alilazimika kuigongagonga mpaka ishuke, huku adui akikaribia.

Mwaka 1849, akiendeleza kazi ya Delvigne, afisa mwenzake, Minié alileta risasi yenye ncha mbele na shimo kitakoni. Iliteleza ndani bila shida. Baruti ilipolipuka, kitako kilitanuka na kushika mifereji. Serikali ilimzawadia faranga 20,000.

Risasi hiyo ilitumika katika vita vya Crimea, kisha vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865. Ilivunjavunja mifupa vibaya, hata madaktari wakakata mikono na miguu ya maelfu ya majeruhi.

Minié alistaafu mwaka 1858 akiwa kanali, na baadaye akawa mkufunzi wa jeshi nchini Misri. Alifariki Desemba 14, 1879. Kalibu yake ilimrahisishia askari kazi. Waliolipa ni waliosimama mbele ya mtutu.