Sendwe: mbele ya kuwa hospitali, alikuwa mutu

Kila mutu wa Bel-Air anajua njia ya kwenda Sendwe. Mtoto akishikwa na homa kali, mama akikaribia kuzaa, baba akiumia mu mugodi, tunasema: tumupeleke Sendwe. Lakini uulize vijana wetu Sendwe alikuwa nani, wengi watanyamaza. Njo maana leo, wandugu wa kazi, tukumbuke maisha yake.

Jason Sendwe alizaliwa mu 1917, mu eneo la Kabongo, kati ya Baluba wa Katanga. Alisoma ku misioni ya Wametodiste, kisha akajifunza kutunza wagonjwa mpaka akakuwa asista wa munganga. Mu wakati wa Wabeleji, mutu mweusi hakupanda sana kupita pale mu kazi ya dawa.

Mu 1957 akasimamisha Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga. Mwisho wa mwaka ule, komini za Élisabethville zilichagua viongozi kwa mara ya kwanza, na wale bourgmestre wane hakuna hata mumoja aliyekuwa mwenyeji wa Katanga. Hasira ikapanda. Mu 1958 ikazaliwa Conakat, iliyosema Katanga ni ya Wakatanga. Wazee waliotoka Kasai kutumikia Union Minière wakaanza kuitwa wageni.

Sendwe naye aliingia mu Conakat mu 1959. Alikuwa Mukatanga kabisa, hakuna aliyeweza kumunyima ile. Lakini mwaka ule ule akatoka, sababu chama kilikuwa kinakaribiana na walowezi wazungu na kuwasukuma watu wa Kasai. Akafanya umoja na chama cha Wakasai na kile cha Wachokwe.

Ku uchaguzi wa 1960, pande mbili zilikaribia kulingana. Watu wa Sendwe wakagoma kuingia mu baraza la jimbo, na Ubeleji ikageuza sheria ili Tshombe aunde serikali bila wao. Tarehe 11/7/1960, siku 11 kisha uhuru, Tshombe akatangaza Katanga ni inchi ya peke yake. Kodi ya Union Minière, ni kusema jasho la wazee wetu, ikaingia mu kasha yake. Kwa Sendwe, kupenda Katanga hakukuwa kuikata kutoka Kongo.

Ile ilileta damu. Ku kaskazini, majandarma wa Tshombe walichoma vijiji. Tusifiche: vijana wa Balubakat nao waliua watu wasio na kosa. Tena chama kilichotetea umoja wa inchi kilikuwa kinabeba jina la kabila. Mu 1961, hapa mjini, Baluba makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya ONU.

Mwezi wa 8, 1961, Sendwe akawa naibu wa waziri mukubwa Adoula. Mwezi wa 1, 1963, secession ikaisha. Akarudi kuongoza jimbo la Nord-Katanga, ku Albertville, ni kusema Kalemie ya leo. Lakini Balubakat yenyewe ilikuwa imepasuka. Mwezi wa 6, 1964, waasi walipoingia Albertville, Sendwe akauawa. Hawakuwa watu wa Tshombe waliomuua. Mwezi uliofuata, Tshombe aliyekata inchi akawa waziri mukubwa wa inchi nzima.

Siye watumishi, tunabaki na nini? Mu 1992 na 1993, Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zililala ku gare zikingojea treni, na watoto walikufa pale. Waliofukuza waliahidiwa kazi. Lakini Gécamines iliendelea kuanguka, na njaa ikaingia mu nyumba zote.

Tangu 2015 Katanga imegawanywa mara ine. Sasa ku mlango wa kampuni tunasikia: huyu si wa Lualaba, huyu si wa Haut-Katanga. Na patron anafurahi, sababu watumishi wakigombania asili, hakuna anayeuliza mshahara.

Sendwe alizaliwa mu Haut-Lomami ya leo, akauawa mu Tanganyika ya leo, na jina lake liko ku hospitali yetu ya Haut-Katanga. Angekuja leo kuomba kazi Kolwezi, tungemuita mugeni?