Mwendo wa kiasi: funzo kutoka kwa Joseph Thomson

Huenda unamjua swala tomi. Jina lake limetokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1858. Maisha yake yanaweza kukusaidia kujua ufanye mazoezi kwa nguvu kiasi gani.

Mwaka 1879 Thomson aliondoka Dar es Salaam kwa miguu akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Wiki chache baadaye Johnston alifariki Behobeho kwa kuhara damu. Thomson, mwenye miaka 21 tu, akabaki kuongoza wapagazi wapatao 150, akisaidiwa na Chuma, aliyewahi kusafiri na Livingstone. Kanuni yake ilikuwa kwenda polepole ili wafike salama, na wafike mbali. Mwaka huohuo walipita nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Karibu wapagazi wote walirudi pwani wakiwa hai.

Wewe utajuaje mwendo wako? Sikiliza pumzi yako:

- Ukiweza kuimba bila shida, ongeza mwendo kidogo.
- Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni nguvu ya wastani. Inakufaa.
- Ukisema maneno machache tu kisha unahema, hiyo ni nguvu kubwa. Ifikie taratibu, baada ya kuzoea.

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za nguvu ya wastani kwa wiki, au 75 za nguvu kubwa. Kama hujazoea, anza na dakika 10 kwa siku. Kumbuka kwamba Rungwe ni nchi ya milima: mwendo ulio rahisi kwenye tambarare hugeuka mzito ukipanda kilima, hasa ukiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Kazi hiyo nayo ni mazoezi. Punguza hatua mpaka uweze kuongea tena.

Thomson mwenyewe hakuwa na afya njema siku zote. Mwaka 1890 alianza safari ya kuelekea Katanga. Njiani aliugua sana. Hakupata tena afya yake kamili, na mwaka 1895 alifariki London akiwa na miaka 37.

Kwa hiyo, ukiwa na homa, pumzika. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio isivyo kawaida, au pumzi kukatika hata baada ya kusimama, acha mara moja na nenda kituo cha afya. Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au ni mjamzito, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Kesho, ukipanda kilima na mwenzako, pigeni soga. Mkishindwa kuongea, punguzeni mwendo.