John Huston: mwongozaji aliyewapeleka wachezaji wake hadi mto Ruiki

Wale wanaopiga filme leo hapa Bukavu, kuanzia Nyawera hadi Muhumba na Nguba katika komini ya Ibanda, wanajua kwamba kamera si kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni watu. Utawaomba nini wachezaji wako? Utawapeleka mbali kiasi gani? Na wakiumia, ni nani atabeba mzigo? Mtu mmoja aliyeishi na maswali hayo maisha yake yote aliwahi kufanya kazi katika Kongo hii ya Mashariki. Jina lake ni John Huston, mwongozaji wa Kimarekani.

Ilikuwa mwaka 1951. Bukavu ilikuwa ingali inaitwa Costermansville, Kisangani inaitwa Stanleyville, na Wabelgiji ndio walikuwa wanatawala. Wakati ule Hollywood ilizoea kutengeneza Afrika ndani ya studio, kwa miti ya bandia na maji ya kopo. Huston akakatala. Hadithi yake ilikuwa ya mtoni, basi alitaka mto wa kweli. Akazunguka kwa ndege juu ya pori akitafuta, mpaka akauona Ruiki, mto mdogo wenye maji meusi unaoingia Lualaba karibu na Ponthierville, pahali panapoitwa leo Ubundu, jimbo la Tshopo.

Mtoto mgonjwa aliyekatala kulala

John Huston alizaliwa tarehe 5 mwezi wa nane 1906, muji wa Nevada, jimbo la Missouri. Baba yake, Walter Huston, alikuwa mchezaji wa tiyatre na baadaye wa filme. Mama yake alikuwa mwandishi wa magazeti. Alipokuwa mtoto, waganga walisema moyo wake umepanuka na mafigo yake si mazima, wakamlaza kitandani siku nyingi. Kijana huyo hakukubali maisha ya kulala. Alipopata nguvu akaingia kwenye mchezo wa ngumi, akapanda farasi Mexico, akachora picha, akaandika hadithi. Tangu wakati ule alizoea kuamini kwamba mtu anayeogopa hatari ameanza kufa. Yeye mwenyewe imani hiyo ilimsaidia. Kwa wengine, wakati mwingine, ilikuwa mzigo.

Alianza kama mwandishi wa hadithi za filme kwa kampuni ya Warner. Mwaka 1941 wakamwachia aongoze filme yake ya kwanza, The Maltese Falcon. Alichora kila picha kwenye karatasi kabla ya kamera kuanza, ili asipoteze siku wala feza. Mchezaji mkubwa alikuwa Humphrey Bogart. Filme ilifaulu, na hao wawili wakawa marafiki wa kazi, wa wiski na wa mabishano.

Kisha ikaja vita kuu ya pili. Huston akaingia jeshini na kamera yake. Kule Italia alionyesha maskari wakipanda mlima na maiti zikirudishwa chini. Baadaye alipiga filme juu ya maskari waliorudi na akili zilizovurugika. Jeshi la Marekani likaifungia filme hiyo zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1948 akatoa The Treasure of the Sierra Madre, iliyopigwa sehemu kubwa Mexico. Alimpa baba yake mwenyewe kazi ya muzee anayetafuta zahabu, akamwomba atoe meno yake ya bandia ili sura iwe ya kweli. Walter hakufurahi, lakini alikubali. Wote wawili wakapata zawadi ya Oscar kwa filme ileile. Katika kazi hiyohiyo, Bogart alikuwa anaharakisha ili awahi mashindano ya masua. Alilalamika kila siku, mpaka jioni moja mezani Huston akamshika pua akaipinda. Bogart hakulalamika tena. Ndivyo walivyopatana: mmoja anasukuma, mwingine ananung'unika, na kazi inaendelea.

Kambi ya Biondo

Filme aliyokuja kupiga Kongo inaitwa The African Queen, kutoka kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka 1935. Ni hadithi ya mwaka 1914: mwanamke wa misioni na mwanaume mlevi mwenye masua ndogo wanashuka mto ili wazamishe masua kubwa ya vita ya Wajeremani katika ziwa. Watu wa Kalemie, Uvira na Fizi watakumbuka jambo la kweli lililo karibu na hadithi hiyo. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha masua mbili ndogo, Mimi na Toutou, katikati ya Kongo hadi ziwa Tanganyika, wakapigana na masua za Wajeremani. Masua kubwa ya Wajeremani, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajeremani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa tena mwaka 1924, na ndiyo iliyoitwa Liemba.

Huston alimchukua Bogart kwa kazi ya mlevi, na Katharine Hepburn kwa kazi ya mwanamke wa misioni. Mke wa Bogart, Lauren Bacall, ambaye pia alikuwa mchezaji maarufu, alikuja bila kazi ndani ya filme, lakini akawa mpishi na muuguzi. Walipanda treni kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ile njia ya reli ya kilometa 125 inayokwepa maporomoko, kisha wakaingia porini hadi Biondo. Kule wafanyakazi Wakongo walikuwa wamewajengea kambi ya miti, matete na majani.

Mto ulikuwa mwembamba na masua ilikuwa ndogo. Kamera ya rangi ya wakati ule ilikuwa kubwa na nzito sana. Basi wakatengeneza mikatara: mmoja wa wachezaji, mmoja wa kamera na taa, mmoja wa masini ya umeme, na wa nne wa chumba cha mama Hepburn, chenye kioo cha kujitazamia. Masua moja ilikuwa inavuta yote hiyo kwenye kona za mto. Haikuchukua muda, mukatara wa nne ukaachwa. Mchezaji mkubwa wa Hollywood akaanza kubadilisha nguo porini.

Siafu waliingia kambini usiku. Masua ya filme ilizama, na watu wakafanya kazi siku kadhaa kuiinua. Mvua ikanyesha. Bogart alichukia kila kitu, akasema wazi. Huston, kinyume, alionekana kama mtu aliyerudi nyumbani.

Neno moja lililobadilisha kazi

Watu wengi wanadhani mwongozaji mkali ni yule anayepiga kelele. Huston hakuwa hivyo. Ukali wake ulikuwa katika pahali alipochagua na katika mambo aliyokatala kupunguza. Mbele ya kamera alikuwa na maneno machache. Aliamini kwamba ukichagua mchezaji anayefaa, kazi kubwa imekwisha. Kinachobaki ni kumwachia nafasi.

Mwanzoni mama Hepburn hakumwamini. Alimwona kama mtu asiyetayarisha kazi, anayependa pombe na bunduki kuliko filme. Alianza kucheza yule mwanamke wa misioni kwa uso mzito, mdomo umeshuka. Siku za kwanza zilipopita, Huston akaenda kwenye nyumba yake ya majani, akakaa, akaongea kwa upole. Alimkumbusha juu ya Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, jinsi alivyokuwa akitembelea maskari waliojeruhiwa hospitali: uso wake haukuwa mzuri, anajua hivyo, kwa hiyo anaubeba kwa tabasamu. Kiisha akaondoka. Hakurudia tena. Hepburn alielewa palepale, akabadilisha namna yake yote ya kucheza. Miaka mingi baadaye alisema hakuna mwongozaji aliyewahi kumpa shauri bora kuliko lile.

Na Bogart vilevile. Katika kitabu, mwenye masua ni Mwingereza wa London. Bogart hakuweza matamshi yale, basi Huston akamgeuza kuwa mtu wa Kanada. Hakumlazimisha kuwa mtu asiyeweza kuwa. Mwaka 1952 kazi hiyo ikamletea Bogart Oscar yake, moja tu katika maisha yake.

Tembo, maji na ugonjwa

Lakini kuna upande mwingine, na huo haufichiki. Huston alitaka kuua tembo. Hamu hiyo ilimshika mpaka kazi ikaanza kungojea. Bogart alimwomba Hepburn amzuie. Hepburn alijaribu, kisha yeye mwenyewe akamfuata porini, na siku moja wakajikuta katikati ya kundi la tembo. Walitoka wazima, lakini kama tembo wangekasirika, filme ingeishia pale. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika hadithi ya filme, alitoa kitabu mwaka 1953 juu ya mwongozaji anayesahau kazi na watu wake juu ya tembo. Jina alibadilisha, lakini kila mtu alijua ni nani.

Walipovuka kwenda Uganda, kufanya kazi Butiaba kwenye ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison, ugonjwa ukaingia. Malaria na kuhara viliangusha watu wengi wa kazi. Hepburn, ambaye alikuwa anakunywa maji mengi ili kuwaonyesha wanaume ubaya wa pombe, ndiye aliyeugua sana. Katika picha ya kanisa, pale anapopiga kinanda, kulikuwa na ndoo karibu naye ya kutapikia. Alikonda, hakuacha kazi. Huston na Bogart, waliokunywa wiski kuliko maji, hawakuugua. Watu wamecheka jambo hili miaka 70, lakini maana yake ni rahisi: maji hayakuwa safi, na kambi nzima ilitegemea bahati.

Mwezi wa saba mwaka uleule, mke wa Huston alizaa mtoto wa kike Los Angeles, Anjelica. Habari ilimfikia baba kwa telegramu, mbali na kila barabara.

Picha za kuingia majini zilipigwa London, juu mito ilikuwa na mamba na kichocho. Hata huko Huston hakulegea. Alitaka ruba wa kweli wamwume Bogart. Bogart akakatala katakata. Wakapatana: ruba wa mpira juu ya Bogart, na ruba wa kweli juu ya kifua cha mtu aliyekuwa anawafuga. Safari hiyo mchezaji alisema hapana, na filme haikuharibika hata kidogo.

Hesabu ya miaka iliyofuata

Huston aliendelea hivyo. Katika Moby Dick, iliyotoka 1956, Gregory Peck aliachwa juu ya nyangumi wa bandia katikati ya mawimbi na ukungu. Mwaka 1958 Huston akarudi Afrika, Chad na Oubangui-Chari, kupiga The Roots of Heaven, filme juu ya mtu anayewatetea tembo. Joto na magonjwa viliwatesa watu wake tena. Baadaye katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba hakuwahi kuua tembo hata mmoja, na kwamba kumwua aliona sasa ni zambi.

Mwaka 1960, katika jangwa la Nevada kule Marekani, alipiga The Misfits na Clark Gable na Marilyn Monroe. Monroe aliugua, kazi ikasimama ili apelekwe hospitali. Gable alikuwa na miaka 59, na kazi ya kukimbizana na farasi haikuwa nyepesi. Alikufa kwa moyo siku 12 baada ya kazi kwisha. Watu walibishana sana: ni joto, ni sigara, ni kungojea, ao ni mwongozaji? Hakuna aliyeweza kumweka Huston hatiani, lakini swali lilimfuata.

Mwaka 1985 alimwongoza binti yake Anjelica katika Prizzi's Honor, naye akapata Oscar. Baba, mwana na mjukuu, wote watatu, na John ndiye aliyewaongoza wawili wengine. Filme yake ya mwisho, The Dead, aliiongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, chupa ya oksijeni karibu, mapafu yameharibika kwa sigara. Hakuweza tena kumpeleka mtu yeyote porini. Alibaki na yale maneno machache, na wachezaji walimsikiliza kuliko wakati wote. Alikufa tarehe 28 mwezi wa nane 1987, akiwa na miaka 81.

Hepburn alimsamehe. Mwaka uleule wa 1987 alitoa kitabu kizima juu ya safari ya Ruiki, na ndani yake hasira na mapenzi vinatembea pamoja. Bogart alikuwa amekufa tangu 1957. Lakini wapo wengine ambao hakuna aliyewauliza: Wakongo waliojenga kambi ya Biondo, waliovuta mikatara, walioinua masua kutoka chini ya maji. Majina yao hayako mwanzoni mwa filme wala mwishoni. Chini ya utawala ule Mkongo hakuwa huru kuingia sinema yoyote. Wakubwa ndio walichagua filme zinazomfaa.

Kwa kijana wa Ibanda mwenye kamera na kundi la wachezaji, maisha ya muzee huyu yana mafunzo mawili yanayokaa pamoja. La kwanza: mchezaji hahitaji kelele, anahitaji neno moja la kweli kwa wakati wake. La pili: kabla ya kuwapeleka watu mtoni, angalia maji ya kunywa, sikiliza anayesema hapana, na andika majina ya wote waliobeba mizigo.