Matzeliger, Fundi Mweusi Aliyeipa Mashine Vidole

Askari hahitaji kufundishwa thamani ya kiatu. Aliyewahi kutembea maili ishirini na mzigo mgongoni, au kusimama lindoni usiku kucha katika mvua, anafahamu kwamba buti likiwa baya hata bunduki huongezeka uzito. Tena anajua ubaya wenyewe hukaa mahali gani: ni mkunjo mdogo wa ngozi penye ncha ya vidole, au ukingo mnene nyuma ya kisigino, ambao baada ya saa mbili huzaa lengelenge na baada ya siku mbili humpeleka mtu kwa mganga wa kikosi. Walakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza ni nani aliyeiwezesha mashine kuuondoa mkunjo ule. Leo tumeona inafaa tusimulie maisha ya mtu huyo, Jan Ernst Matzeliger, aliyefariki dunia kabla hajatimiza miaka 37.

Alizaliwa tarehe 15 Septemba, 1852, katika mji wa Paramaribo, nchi ya Suriname, ambayo zama hizo ilikuwa koloni la Waholanzi katika pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa mhandisi Mholanzi aliyesimamia karakana za serikali. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, wa uzao wa wale waliotolewa Afrika kwa minyororo. Utumwa katika koloni hilo haukufutwa mpaka tarehe 1 Julai, 1863, Jan akiwa mtoto wa miaka kumi. Na hata baada ya siku hiyo wengi wa walioachwa huru walilazimishwa kuendelea na kazi za mkataba kwa miaka kumi mingine. Katika umri huohuo wa miaka kumi Jan aliingia karakana ya baba yake, akazoea harufu ya mafuta na mlio wa chuma, na akajifunza jambo ambalo halikumtoka tena, yaani kuutazama mtambo ukienda na kuuliza kila kipande kinamsukuma mwenzake kwa njia gani.

Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alijiunga na merikebu ya biashara akawa baharia. Baada ya miaka kama miwili aliteremka Marekani, katika mji wa Philadelphia. Ufundi wa mitambo alikuwa nao, lakini Kiingereza chake kilikuwa haba na ngozi yake ilikuwa nyeusi, na katika nchi ile, ambayo vita vya kuukomesha utumwa vilikuwa vimekwisha mwaka 1865 tu, milango mingi ya viwanda ilifungwa mbele yake. Hatimaye alipata kazi kwa washona viatu. Kiasi cha mwaka 1877 alihamia Lynn, katika jimbo la Massachusetts, mji ambao riziki yake yote ilitoka katika viatu.

Hapa hapana budi tusimame kidogo, tuitazame kazi yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuupima ukubwa wa jambo alilolifanya Matzeliger. Kiatu cha ngozi huanza kwa kukata. Vipande vya juu hukatwa kwa kufuata vigezo, kisha kingo zake hupunguzwa unene kwa kisu kipana chenye makali upande mmoja, ili kipande kikilazwa juu ya mwenzake pasitokee tuta litakalomchuna mvaaji. Kazi hii ya kupunguza kingo ni ya mkono mwepesi: kisu kikizama mno ngozi hukatika, na kikielea juu juu tuta hubaki palepale. Siku hizi hufanywa na mashine yenye kisu cha mviringo kinachozunguka. Vipande vikiisha kupunguzwa hushonwa pamoja, na kazi hiyo ilianza kufanywa kwa cherehani katika miaka ya 1850.

Soli ilikuwa shida zaidi. Kwa karne nyingi fundi aliketi na kiatu magotini, akatoboa tundu kwa chuma chenye ncha, akapitisha uzi uliopakwa nta kutoka pande mbili, akavuta kwa nguvu zake zote, kisha akaanza tundu la pili. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake alipata hati ya mashine ya kushona soli, na mfanyabiashara Gordon McKay akainunua na kuiendeleza. Kiatu kilivalishwa kwenye mkono wa chuma uliopinda. Uzi wenye nta ulipita ndani ya mkono huo, na sindano yenye kulabu ikatoboa kutoka nje, ikaunasa uzi na kupanda nao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoitajirisha mashine hiyo, kwa kuwa jeshi la Kaskazini lilihitaji viatu kwa wingi ambao mikono ya mafundi haikuweza kuutosheleza. Si mara ya kwanza miguu ya askari kuwa sababu ya mashine. Nusu karne kabla yake, mhandisi Marc Isambard Brunel aliwaona askari wa Uingereza wakirudi kutoka Hispania miguu yao imefungwa matambara, akaunda mitambo ya kupigilia soli misumari, akawaajiri askari walemavu kuiendesha. Amani ilipokuja mwaka 1815 jeshi liliacha kununua, naye akabaki na ghala lililojaa mabuti na madeni yaliyochangia kumtia gerezani mwaka 1821.

Basi Matzeliger alipofika Lynn, mashine ilikwisha weza kushona sehemu ya juu na kushona soli. Katikati ya kazi hizo mbili palibaki shimo moja ambalo hapana aliyeweza kulivuka. Kabla kiatu hakijafika kwenye ule mkono wa chuma ni lazima kiwambwe. Ngozi ya juu huvutwa juu ya kalibu ya mti yenye umbo la mguu, kama vile ngozi ya ngoma inavyowambwa juu ya mzinga wake, kisha kingo zake hukunjwa chini na kupigiliwa misumari midogo kwenye soli ya ndani. Fundi wa kuwamba alijaza misumari mdomoni, akashika koleo kwa mkono mmoja, akavuta ngozi, akaikunja kwa kidole gumba, akatema msumari, akaupiga, akavuta tena. Ubavuni kazi ni nyepesi. Kwenye ncha ya vidole na nyuma ya kisigino, mahali ngozi iliyonyooka inapotakiwa kugeuka duara, mikunjo hujikusanya, na ni hisia ya vidole tu iliyojua ivutwe kiasi gani ili isipasuke wala isibaki na kovu. Hata leo fundi viatu wa kando ya barabara, akishika koleo lake, anafanya kazi ileile.

Fundi hodari wa Lynn aliweza kuwamba jozi zisizozidi 50 kwa siku ya saa kumi. Kiwanda kizima kiliwasubiri. Wao walilijua hilo, walikuwa na chama chao chenye nguvu, walilipwa vizuri kuliko wenzao, na wakikunja mikono basi cherehani zote zilinyamaza. Majivuno yao yalikuwa kwamba mashine inaweza kuwa na sindano, lakini haitapata kuwa na vidole. Sisi hatuwalaumu, kila mwenye ustadi hujivunia ustadi wake, na ule wao ulikuwa wa haki.

Matzeliger alikuwa akiendesha mashine ya kushona soli katika kiwanda cha Harney Brothers, akawa anawatazama. Mchana alitazama mikono yao; usiku alikwenda shule ya jioni kujifunza Kiingereza, na akirudi alisoma vitabu vya fizikia na ufundi alivyonunua kwa kujinyima. Alikodi chumba kimoja cha baridi, na inasimuliwa kwamba chakula chake kilikuwa uji wa mahindi aliojipikia mwenyewe kwa senti chache kwa siku. Mwaka 1880 alikuwa na mfano wake wa kwanza, uliotengenezwa kwa mbao za makasha ya sigara, nyaya na misumari. Mtu mmoja alimpa dola 50 auuze, akakataa. Akaunda wa pili kwa vyuma vilivyotupwa, akivifua katika karakana aliyoruhusiwa kutumia kiwandani. Safari hii aliahidiwa dola 1,500 kwa sehemu moja tu ya mtambo, nazo akazikataa. Mtu anayekula uji kwa senti chache akikataa dola 1,500, yafaa tujue kwamba haongozwi na tamaa.

Hata hivyo chuma hakinunuliwi kwa subira. Ili apate fedha za kuunda mashine kamili aliwapa wenye mtaji wawili, Delnow na Nichols, theluthi mbili za haki ya uvumbuzi wake, yeye akabaki na theluthi moja. Michoro aliyoipeleka Washington kuomba hati ilikuwa migumu kiasi kwamba ofisi ya hati ilimtuma mkaguzi mpaka Lynn aione mashine kwa macho yake ikienda. Tarehe 20 Machi, 1883, ilitolewa hati namba 274,207 kwa jina la Jan Matzeliger. Alifanya matengenezo kwa miaka miwili zaidi, na tarehe 29 Mei, 1885, mashine ilijaribiwa rasmi ndani ya kiwanda, ikawamba jozi 75 za viatu vya wanawake bila hitilafu.

Ndani ya mashine hiyo hapakuwa na siri ila mkono wa fundi uliochunguzwa kwa uaminifu. Kiatu juu ya kalibu yake kilishikwa imara. Koleo likauma ukingo wa ngozi, likauvuta na kuugeuza juu ya soli ya ndani. Msumari ukaletwa mahali pake ukapigiliwa. Kiatu kikasogea kidogo, koleo likauma tena. Penye ncha na kisigino, ambapo fundi hugeuza kiganja, koleo nalo liligeuka. Wengine waliojaribu kabla yake walitaka kuibana ngozi yote kwa mara moja, ikapasuka. Yeye aliivuta kidogo kidogo, kama wafanyavyo binadamu. Mashine ilitoa jozi tangu 150 hadi 700 kwa siku kulingana na aina ya kiatu, na inakadiriwa kwamba bei ya viatu Marekani ilishuka karibu nusu.

Wale mafundi wa kuwamba ndio waliolipa gharama ya kwanza. Ustadi uliochukua miaka kujifunza sasa uliingia katika gurudumu na koleo, na baadhi yao wakageuka waendeshaji wa mtambo. Mashine yenyewe ilipachikwa jina la tusi la rangi, ambalo lilidumu viwandani miaka mingi na ambalo hatuoni sababu ya kulichapisha hapa. Hayo yaliwezekana katika mji ambao kila kiatu kilichotoka kilipita katika akili ya mtu mweusi.

Kanisani nako alikataliwa mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake, mpaka alipopokewa na vijana wa North Congregational Church. Hao ndio waliokuwa jamaa zake. Hakuoa. Aliwafundisha baadhi yao kuchora kwa rangi za mafuta, maana alikuwa pia mchoraji, na picha alizochora aliwagawia marafiki.

Mwaka 1886 alishikwa na homa aliyoidhani ni mafua. Ilikuwa kifua kikuu. Miaka ya baridi, uji na usiku bila usingizi ilikwisha uchimba mwili wake, na kama angezichukua zile dola 1,500 huenda angeishi. Lakini hapo mashine isingekuwa yake. Aliendelea kuchora vipande vya mitambo akiwa kitandani, na hati nyingine kadhaa zilizohusu kupanga misumari na kuipigilia zilitolewa baada ya kufa kwake. Alifariki tarehe 24 Agosti, 1889, akazikwa katika makaburi ya Pine Grove, Lynn.

Ni kweli kwamba wenye mtaji walipata zaidi kuliko yeye. Mwaka 1899 Sidney Winslow, mmoja wa waliojiunga na kampuni ya mashine hiyo, aliongoza kuunganishwa kwa makampuni makubwa ya mitambo ya viatu kuwa United Shoe Machinery, ambayo mitambo yake mikubwa haikuuzwa bali ilikodishwa, na mwenye kiwanda akalipa kwa kadiri ya viatu alivyotengeneza. Ukiritimba huo uliendelea mpaka mahakama ya Marekani ilipouhukumu mwaka 1953. Lakini si kweli, kama wengine wanavyopenda kusimulia, kwamba Matzeliger aliibiwa akafa bila kitu. Alikuwa na hisa katika kampuni, na alizitolea wasia akiwa na akili timamu. Wenzake na waganga waliomtibu waliachiwa sehemu yao. Hisa nyingine aliliachia kanisa la wale vijana waliompokea, kwa sharti kwamba zisiyasaidie makanisa yaliyomfukuza. Wakati wa kutolewa wasia huo hazikuonekana kuwa mali kubwa. Mwaka 1904 kanisa lilikuwa na deni la dola 10,860 juu ya jengo lake. Likaziuza, likalipa deni lote.