Hans Holbein, Mchoraji Aliyelificha Fuvu

Wengi wetu tulipokuwa darasani tulizoea kuitupia picha jicho mara moja, tukasema ni nzuri au ni mbaya, kisha tukafunua ukurasa mwingine. Zama za Hans Holbein picha ilikuwa kitu cha kusomwa kama barua isomwavyo.

Holbein alizaliwa mjini Augsburg, Ujerumani, mnamo mwaka 1497 au 1498. Baba yake, aliyeitwa Hans vilevile, alikuwa mchoraji. Mwaka 1515 kijana huyu na nduguye Ambrosius walikuwa wamekwisha kufika Basel, Uswisi, mji wa wapiga chapa na wanavyuoni. Huko alichora picha za vitabuni, akaoa, tena akamchora mwanachuoni Erasmus. Lakini ugomvi wa dini uliotokana na mafundisho ya Luther ulikuwa umeenea, na wako waliodai kuwa picha makanisani ni ibada ya sanamu. Mchoraji aliyetegemea makanisa alianza kukosa riziki. Mwaka 1526 akawaacha mke na watoto, akaenda Uingereza na barua ya Erasmus mkononi, akapokewa kwa wema na Thomas More. Alirejea Basel mwaka 1528. Mwaka uliofuata watu waliyavamia makanisa ya mji huo, wakavunja sanamu na kuharibu picha. Kufikia 1532 alikuwa London tena.

Mwaka 1533 ndipo alipoichora ile picha iitwayo Mabalozi. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa mwaloni, na kila upande una urefu wa mita 2 na kidogo. Aliyeiagiza ni Jean de Dinteville, balozi wa Ufaransa, naye amesimama humo pamoja na rafiki yake, Askofu Georges de Selve. Mwaka huo Mfalme Henry wa Nane alikuwa amemwoa Anne Boleyn, na udugu wake na Papa ulikuwa ukikatika. Balozi alikuwa katikati ya kizaazaa hicho.

Kwa mtazamo wa kwanza waonekana vijana wawili wenye fahari zao. Umri wa Dinteville, miaka 29, umeandikwa kwenye ala ya jambia lake. Wa askofu, miaka 25, kwenye kitabu kilicho chini ya kiwiko chake. Kati yao pana rafu. Juu yake mna vyombo vya kupimia jua na nyota. Chini mna tufe la dunia, vitabu na kinanda cha nyuzi ambacho ni jamaa wa karibu wa udi wetu wa taarabu. Uzi mmoja wa kinanda hicho umekatika. Pembeni pamefunuliwa kitabu cha nyimbo za Walutheri, na kitabu cha hesabu kimefunuliwa penye hesabu za kugawanya. Mimi si miongoni mwa wale watakao kila kitu kiwe fumbo. Huenda vyombo vingine viliwekwa kwa kujionyesha tu. Lakini uzi uliokatika hauchorwi kwa bahati mbaya.

Tena sakafuni, mbele ya miguu yao, pana kitu kirefu cha ajabu, kimelala mshazari kama ngalawa iliyopinduka. Ukisimama mbele yake hukitambui. Sogea upande wa kulia, weka jicho karibu na ukingo wa picha, nacho chajikusanya na kuwa fuvu la kichwa cha mtu. Wakati huo mabalozi na fahari zao hawaonekani sawasawa tena. Na katika pembe ya juu kushoto, nyuma ya pazia, umejificha nusu msalaba wa Kristo. Wanafunzi mlio na picha hii katika kitabu cha maktaba, jaribuni kuuinamisha ukurasa, mtaona.

More, mwenyeji wake, alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa amri ya mfalme yuleyule ambaye Holbein alikuja kumtumikia. Mwaka 1539 mfalme alimtuma amchore Anne wa Cleves, aliyetakiwa kuwa mkewe. Walioana Januari 1540, lakini mfalme hakupendezwa naye hata kidogo, na kufika Julai ndoa ikabatilishwa. Thomas Cromwell, waziri aliyeisimamia posa hiyo, akauawa mwezi huohuo. Mchoraji hakuguswa.

Holbein alifia London mwaka 1543. Katika wosia wake aliagiza mali yake na farasi wake viuzwe, madeni yalipwe, na zitengwe fedha za kuwalea watoto wawili wadogo aliokuwa nao huko Uingereza. Kaburi lake halijulikani. Picha ya Mabalozi ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka 1890, na hata wakati huo watu walikuwa hawana hakika wale vijana wawili ni akina nani.