Ding Ling: Mkaidi Aliyelipia Kalamu Yake

Katika insha za fasihi ninazosahihisha, neno mkaidi hutumika mno kumweleza mhusika wa kike anayekataa aliyopangiwa. Kwa maoni yangu, neno hilo si mizani bali ni hukumu: humtia mtu hatiani kabla hajasikizwa. Hebu tulipime upya kwa maisha ya mwandishi mmoja wa Uchina.

Ding Ling alizaliwa mwaka wa 1904 katika jimbo la Hunan, akapewa jina Jiang Bingzhi. Babake alifariki yeye angali mdogo. Mamake, ambaye miguu yake ilifungwa utotoni isikue, kama ilivyokuwa desturi, hakukubali kuketi ujane akiwategemea wakwe. Aliingia chuo cha ualimu, akawa mwalimu. Binti naye alivunja posa ya binamu aliyechaguliwa na jamaa, na kwa muda akalitupa hata jina la ukoo, kwa kuwa ukoo ni wa baba. Ding Ling ni jina alilojichagulia.

Mwaka wa 1928 alichapisha shajara ya kubuni ya Sophie, msichana mgonjwa wa kifua kikuu mjini Beijing. Sophie anakiri waziwazi kumtamani mwanamume mtanashati, na papo hapo anamdharau kwa ufinyu wa fikira zake. Mwanamke aliyezoeleka hadithini kama wa kutamaniwa sasa alitamani, akapima, akakataa.

Kisha yakaja masaibu. Mwaka wa 1931 serikali ya Kuomintang ilimuua mwenziwe, mwandishi Hu Yepin, mtoto wao akiwa na miezi michache tu. Mwaka wa 1933 Ding Ling mwenyewe alitekwa, akazuiliwa Nanjing hadi alipotoroka mwaka wa 1936 na kujiunga na Wakomunisti.

Huko nako hakunyamaza. Hadithi yake ya mwaka wa 1941 yamhusu Zhenzhen, msichana aliyenajisiwa na askari wa Kijapani, akawapelelezea wazalendo, kisha akarudi kijijini na kukuta dharau. Anakataa ndoa ya kuhurumiwa, anaondoka kwenda kutibiwa na kusoma. Mwaka uliofuata, Siku ya Wanawake, Ding Ling aliandika kwamba hata miongoni mwa wanamapinduzi mwanamke alisutwa asipoolewa, na akiolewa akasutwa vilevile. Alishutumiwa vikali, akalazimika kujirudi.

Riwaya yake kuhusu ugawaji wa ardhi ilituzwa Tuzo ya Stalin, lakini tuzo haikumkinga. Mwaka wa 1957 alilaaniwa kuwa mfuasi wa mrengo wa kulia, kisha akapelekwa kufanya kazi mashambani Heilongjiang. Kuanzia 1970 hadi 1975 alikuwa gerezani. Alisafishwa jina mwaka wa 1979, akafariki mwaka wa 1986.

Wahenga walisema mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Mimi naona waliofaidi ni wasomaji wake. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika kwamba mhusika ni mkaidi, tumuulize: amemkaidi nani, na kwa amri ya haki gani?